Bahasha za Kuchora: Matatizo ya Istilahi katika Sanaa ya Posta

Kazi ndogo ndizo mara nyingi zimtoazo jasho mtu ashughulikaye na istilahi. Hivi karibuni tuliletewa tangazo la ukurasa mmoja, lililokwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili, tukaombwa tulipitie kabla ya kupigwa chapa. Tangazo lenyewe lilikuwa juu ya wachoraji wa Uingereza ambao huchora picha juu ya bahasha, kisha huzituma kwa posta hadi mahali zitakapoonyeshwa na kuuzwa, na fedha zinazopatikana hupewa hospitali moja ya watoto. Kichwa cha tangazo kilisomeka hivi: “Maonyesho ya Bahasha kwa Hisani ya Hospitali ya Watoto.”

Hakuna neno hata moja katika kichwa hicho ambalo si Kiswahili. Upatanisho wa sarufi umekaa sawa, na tahajia haina kosa. Hata hivyo, tulipowasomea wenzetu watatu, kila mmoja alielewa lake. Wa kwanza aliuliza ni shilingi ngapi zinazotakiwa kutiwa ndani ya bahasha, na kama bahasha hizo zitagawiwa mlangoni. Wa pili alistaajabu jinsi hospitali ya watoto inavyopata fedha za kugharimia maonyesho. Wa tatu alidhani kwamba kiwanda fulani cha karatasi kinaonyesha bidhaa zake. Hapana hata mmoja aliyefahamu kwamba kuna wachoraji, kwamba michoro yao inauzwa, wala kwamba hospitali ndiyo inayopokea. Lau tangazo lile lingechapishwa jinsi lilivyokuwa, wagonjwa wangepunjwa na maneno matatu ya kawaida kabisa, pasipo mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Makala haya yana shabaha ya kueleza mahali yalipotokea makosa hayo, na kupendekeza istilahi ambazo mtafsiri aweza kuzitumia. Lakini haifai kukipa kitu jina kabla ya kukifahamu kitu chenyewe. Kwa hiyo yatubidi kwanza tuitazame bahasha ilikotoka, na jinsi ilivyopata kuwa mahali pa kuchora.

Kabla ya mwaka 1840, nchini Uingereza, gharama ya barua ilihesabiwa kwa kufuata umbali na idadi ya karatasi, na kwa kawaida aliyelipa alikuwa ni mpokeaji. Bahasha ilihesabiwa kuwa karatasi nyingine. Kwa hiyo mtu aliyetia barua yake ya ukurasa mmoja ndani ya bahasha alimtwisha mwenziwe gharama maradufu. Ndiyo sababu watu wengi waliikunja barua yenyewe, wakaifunga kwa lakiri, na kuandika anwani mgongoni mwake. Mambo yaligeuka kwa jitihada za Rowland Hill, ambaye alishauri kwamba barua zilipiwe na mwenye kuzituma, kwa bei moja nchini kote, na kwa kufuata uzito. Tarehe 10 Januari 1840 bei hiyo ikawa peni moja kwa barua isiyozidi nusu aunsi, yaani takriban gramu 14. Tangu siku hiyo bahasha haikuwa tena anasa. Mwaka 1845 Edwin Hill, nduguye Rowland, pamoja na Warren De la Rue, walikwisha kupata hataza ya mashine ya kukunja bahasha.

Mwezi Mei wa mwaka ule wa 1840, pamoja na stempu ya kwanza ya kubandika, serikali ilitoa bahasha na karatasi za barua ambazo zilikuwa zimekwisha kulipiwa, nazo zilikuwa na mchoro wa William Mulready. Katikati ya mchoro ameketi mwanamke aliye mfano wa nchi ya Uingereza, ana simba miguuni, naye anawatuma wajumbe wenye mabawa kila upande wa dunia. Kuna tembo na ngamia waliobeba mizigo, na pembeni kuna watu wanaosoma barua zilizowafikia. Rowland Hill alitumaini kwamba wananchi wangeipenda bahasha hiyo kuliko stempu. Yalitokea kinyume. Watu waliucheka mchoro kwa kujikweza kwake, na kabla ya mwezi huo kwisha Hill alikwisha kuona kwamba hapana budi bahasha hizo ziondolewe. Papo hapo wachapaji wa London wakaanza kuuza bahasha za mzaha zilizoiga ile ya serikali. Miongoni mwa waliozichora alikuwamo John Leech, ambaye baadaye alisifika kwa michoro yake katika gazeti la Punch na kwa vielelezo vya hadithi ya Krismasi ya Charles Dickens ya mwaka 1843. Leech alikuwa na desturi ya kutia sahihi kwa kuchora ruba ndani ya chupa, kwa kuwa ruba ndiyo maana ya jina lake kwa Kiingereza.

Tumelieleza jambo hili kwa urefu kidogo kwa sababu linaonyesha kwamba mchoro haukuja juu ya bahasha kama pambo la baadaye. Ulikuwapo tangu bahasha ilipoanza kuwa kitu cha watu wote, na tangu mwanzo kulikuwa na michoro ya namna mbili: ule wa serikali uliochapwa kwa wingi, na ule wa mchoraji anayefanya mzaha wake. Namna hii ya pili ndiyo tunayoitafutia jina.

Sasa tulitazame neno bahasha. Kamusi za zamani hulieleza kuwa mfuko au mkoba wa kutilia karatasi na vitabu. Maana ya kifuniko cha barua ni moja tu kati ya maana zake. Kwa hiyo wazo la kutia ndani limo katika neno hili tangu asili, na matumizi ya leo yamezidi kulikaza wazo hilo. Muumini hupewa bahasha ya sadaka. Mwenye kualikwa harusini hupewa kadi, na baada yake huulizwa habari za bahasha ya mchango. Tena kuna bahasha ya kaki ipitayo chini ya meza, ambayo imelipa neno hili sifa mbaya hata baadhi ya watu huona haya kulitamka mbele ya ofisa. Basi msomaji wa Kiswahili anapokutana na neno bahasha karibu na neno hisani, hawezi kulaumiwa akipeleka mkono mfukoni. Katika sanaa tunayoizungumzia, thamani haimo ndani ya bahasha. Iko juu yake, na mara nyingi ndani hamna kitu.

Kwanza tulifikiria bahasha ya picha. Neno hili linavutia kwa ufupi wake, lakini kila aliyepata kupiga picha za pasipoti anajua bahasha ya picha ni nini: ni ile ambamo mpiga picha humtilia mteja picha zake. Kiunganishi -a hakisemi kama kitu cha pili kimo ndani ya kile cha kwanza, kiko juu yake, au ndicho kilichokiunda. Tukajaribu bahasha yenye picha. Hii nayo haikutusaidia, kwani bahasha yenye fedha ni bahasha ambayo ndani yake mna fedha, wala hapana afikiriye kwamba noti zimebandikwa nje. Bahasha iliyochorwa ilionekana kuwa salama, mpaka mmoja wetu alipotukumbusha kwamba mtoto akichora nyumba, nyumba ile ni nyumba iliyochorwa. Hivyo bahasha iliyochorwa yaweza kuwa sura ya bahasha juu ya ubao. Bahasha ya nakshi inapendeza masikioni, na nakshi haiwezi kutiwa ndani, lakini nakshi ni urembo. Mlango wa nakshi haukuambii habari yoyote ya mwenye nyumba ila kwamba ana uwezo. Mchoro tunaousema hapa unaeleza jambo.

Hatimaye tuligeukia namna ambayo lugha yenyewe hutumia kwa vitu vilivyotengenezwa kwa kazi fulani. Tunasema samaki wa kukaanga, mkate wa kumimina, kofia ya kushona kwa mkono. Katika mifano hii kitenzi-jina kinatoa habari ya kazi iliyokifanya kitu kiwe hivyo kilivyo. Kwa kufuata njia hiyo tunapendekeza bahasha ya kuchora. Watakaopinga watasema kwamba kitabu cha kuchora ni daftari la mwanafunzi lisilo na mchoro bado. Hilo ni kweli kwa mazoea ya shuleni, ingawa kwa sarufi daftari hilo lilistahili kuitwa la kuchoria, kama vile kalamu ilivyo ya kuandikia na chungu cha kupikia. Tena pingamizi hilo limetupa faida ambayo hatukuitarajia. Katika maonyesho ya aina hii waandaaji huweza kuwapelekea wachoraji bahasha tupu, na bahasha hiyo tupu nayo inahitaji jina katika maelekezo. Basi iitwe bahasha ya kuchoria. Bahasha ya kuchoria humfikia mchoraji. Ikirudi, imekuwa bahasha ya kuchora. Irabu moja inatenganisha hali mbili ambazo katika tangazo lile zilielezwa kwa sentensi mbili ndefu.

Ama kuhusu mchoraji mwenyewe, tangazo lilimwita msanii, nasi tuliona kwamba neno hilo ni pana mno. Mwimbaji ni msanii, na mchonga vinyago pia. Mchoraji ni afadhali, lakini yuko pia mchoraji wa ramani na mchoraji wa mabango ya maduka. Waliotajwa katika tangazo ni watu wa kazi maalumu: huchora picha ziendazo pamoja na maandishi ya vitabu na magazeti. Picha ya namna hiyo huitwa kielelezo, na mwenye kuichora ni mchoraji wa vielelezo. Neno kielelezo lina mizizi yake katika kitenzi eleza, na hapo ndipo ubora wake ulipo. Picha haikukaa pale ili kujaza nafasi tu, bali imekuja kusaidiana na maneno.

Lakini msomaji aweza kuuliza: juu ya bahasha kuna maneno gani ya kuelezwa? Yako, nayo ni anwani. Yafaa tukumbuke kwamba neno anwani, ambalo asili yake ni Kiarabu, limepata pia kutumiwa kwa maana ya jina la kitabu au kichwa cha habari, na waandishi wengine hulitumia hivyo hata leo. Juu ya bahasha ya kuchora maana hizo mbili hukutana. Jina la mpokeaji na mahali alipo ndiyo maandishi ya pekee yaliyopo, na mchoraji hodari huyafanya kuwa sehemu ya picha: jina huandikwa juu ya bendera aliyoishika mnyama, au juu ya kibao cha duka, au stempu hugeuzwa kuwa dirisha la nyumba. Mmarekani Edward Gorey, aliyefariki mwaka 2000, alikuwa bingwa wa kazi hii. Kati ya Septemba 1968 na Oktoba 1969 aliandikiana barua na Peter Neumeyer, mwandishi ambaye alishirikiana naye katika kutunga vitabu vya watoto, na nyingi za bahasha alizompelekea zilikuwa na michoro ya viumbe vyake vya ajabu. Barua hizo pamoja na bahasha zake zilitolewa kuwa kitabu mwaka 2011. Hakuzichora kwa ajili ya maonyesho. Alimchorea mtu mmoja, na watumishi wa posta ndio waliobahatika kuziona kabla ya mwenyewe.

Sasa tumefika kwenye istilahi kubwa zaidi, ile ya sanaa yote kwa jumla. Mtafsiri wetu aliandika sanaa ya barua. Wengi wataona kwamba hakukosea, kwani kinachotumwa ni barua. Lakini sanaa ya barua kwa Kiswahili ni ufundi wa kutunga barua, yaani kujua kumsalimu mkubwa, kutaja haja, na kuagana kwa adabu, na ufundi huo una historia ndefu katika nyaraka za Waswahili. Tusilichukue neno lake tukalipa kitu kingine. Tunapendekeza sanaa ya posta, nasi tunatoa sababu katika desturi za sanaa yenyewe.

Mtu ambaye hutajwa zaidi katika mwanzo wa sanaa hii ni Ray Johnson, aliyezaliwa Detroit, Marekani, mwaka 1927. Johnson alikuwa akikatakata picha na maandishi, akayabandika pamoja, na badala ya kuyapeleka kwa wauzaji wa sanaa akayatuma kwa posta kwa marafiki na hata kwa watu asiowajua. Mara nyingi alimwomba mpokeaji aongeze kitu chake, kisha ampelekee mtu wa tatu au airudishe. Mtandao wa watu hao ulipewa jina la New York Correspondance School, na tahajia hiyo ilikosewa kwa makusudi ili ndani ya neno lenye maana ya kuandikiana barua lionekane neno la kucheza dansi. Mchezo huo wa herufi haufasiriki, na mtafsiri asijisumbue nao. Aliache jina kama lilivyo. Mwaka 1970 jumba la makumbusho la Whitney, mjini New York, lilifanya maonyesho ya vitu vilivyotumwa huko na watu walioombwa na Johnson. Yeye mwenyewe alifariki Januari 1995.

Katika mapokeo hayo kazi haijakamilika mchoraji anapoweka kalamu chini. Inakamilika inapopita mikononi mwa posta. Stempu, muhuri wa tarehe, michubuko ya safarini, hata alama ya kwamba mpokeaji amehama, vyote huhesabiwa kuwa sehemu ya kazi. Kwa maneno mengine, posta ni mshiriki wala si chombo tu. Kwa sababu hiyo neno posta halina budi kuwamo katika istilahi, na bahasha ambayo mchoraji ameileta mwenyewe mkononi, hata ikiwa nzuri vipi, ni bahasha ya kuchora lakini si sanaa ya posta. Tofauti hii si ya kutafuta makosa. Mnunuzi aliyeambiwa kwamba ananunua sanaa ya posta ana haki ya kuuona muhuri.

Wenye kusoma historia ya magazeti yetu watakuwa wamekwisha kukumbuka jambo linalofanana na hili. Tangu siku za Mambo Leo, gazeti lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, washairi wa miji iliyo mbali mbali wamekuwa wakijibizana kwa mashairi yaliyosafirishwa na posta. Mmoja akifunga fumbo, mwingine hulifungua, na wa tatu hudakia. Hatusemi kwamba malumbano ya washairi ni sanaa ya posta, kwani wao macho yao yako kwenye ukurasa wa gazeti, wala bahasha haina heshima yoyote kwao. Lakini kitenzi chao chatufaa. Pale ambapo kazi moja huongezwa na mtu baada ya mtu, mtafsiri asihangaike kuunda neno jipya. Aseme kwamba wasanii hao wanapokezana kazi, na msomaji atafahamu mara moja.

Maneno ya vifaa hayatatuchelewesha sana. Stempu imekwisha kuzoeleka. Muhuri ni neno linalobeba mizigo mingi, kwa kuwa ni ule wa ofisi, ule wa posta, na hata alama inayobaki juu ya karatasi. Basi katika maandishi ya fani hii isemwe muhuri wa posta kila inapohitajika. Lakiri ibaki kuwa ile nta ya rangi ifungiayo barua, nalo ni neno zuri ambalo vijana wengi hawalijui tena. Jambo moja tu lataka tahadhari. Wako wasanii ambao hujitengenezea stempu zao, zenye umbo la stempu ya kweli lakini zisizotolewa na serikali yoyote. Yves Klein wa Ufaransa alifanya hivyo mwaka 1957, alipobandika stempu za rangi ya buluu tupu juu ya mialiko ya maonyesho yake mjini Paris, na muhuri wa posta ukagongwa juu yake. Mtafsiri akiandika stempu bandia au stempu ya kughushi atakuwa amemtia msanii hatiani kwa kosa la jinai. Tunapendekeza stempu ya msanii.

Tumebakiwa na neno hisani, ambalo ndilo lililomchanganya yule mwenzetu wa pili. Neno lenyewe halina ila. Asili yake ni kutenda wema, na matumizi yake katika matembezi ya hisani, mchezo wa hisani na shirika la hisani yamekwisha kukubalika. Nalo lina nafasi yake mbali na sadaka, ambayo imefungamana na ibada, na mbali na harambee, ambayo huwataka watu wachange bila ya kupata kitu mkononi. Ubaya uko katika kiunganishi. Kila siku twasoma chini ya picha magazetini kwamba picha imepatikana kwa hisani ya fulani, na twasikia redioni kwamba kipindi kimeletwa kwa hisani ya kampuni fulani. Katika tungo hizo anayetajwa baada ya hisani ya ndiye mtoaji. Basi “maonyesho kwa hisani ya hospitali” maana yake ni kwamba hospitali imefadhili. Mtafsiri alitaka kusema kwamba hospitali itafadhiliwa. Aliyekuwa apokee amegeuka kuwa mtoaji, na kisa chote ni ule mfuatano wa kwa na ya.

Ili kuepuka kosa hili, neno hisani lishikamane na jambo lenyewe, si na mtu: maonyesho ya hisani, mauzo ya hisani. Kisha mpokeaji atajwe kwa kwa faida ya au kwa ajili ya. Na ikiwa yuko kweli mfadhili aliyelipia ukumbi, hapo ndipo kwa hisani ya inapostahili, na lizidi kuwekwa mbali na jina la hospitali.

Namna ya kuuza nayo ina maneno yake. Chuo cha sanaa cha Royal College of Art, mjini London, kilianzisha mwaka 1994 maonyesho ya kadi za posta ambamo wasanii mashuhuri na wanafunzi walitoa kadi zao, zote kwa bei moja, na jina la mchoraji likawa limeandikwa nyuma ya kadi. Mnunuzi hakulijua jina hilo mpaka amekwisha kununua. Watu walilala nje kwenye foleni wakitumaini kuipata kadi ya bingwa kwa bei ya mwanafunzi, na faida ilikwenda kuwasaidia wanafunzi. Mwaka 2014 mradi wa Art on a Postcard ulianza kukusanya fedha kwa njia ya kadi za namna hiyo kwa ajili ya shirika la The Hepatitis C Trust, linalowahudumia wagonjwa wa homa ya ini. Katika mradi wa aina ya kwanza hapana mnada, na mtafsiri asilitumie neno hilo kwa kila mauzo ya sanaa. Mnada ni pale bei inapopandishwa na wanunuzi. Tena katika sehemu nyingi za Tanzania bara mnada ni gulio la ng'ombe na mitumba, hivyo “mnada wa bahasha” bila ya maelezo humpa msomaji picha ya marobota.

Hapa yatupasa kulikabili swali ambalo waandaaji wa maonyesho hawakutuuliza. Miongoni mwa watu wa sanaa ya posta kuna desturi iliyokazwa kwa miaka mingi kwamba kazi zao haziuzwi. Mwenye kuitisha maonyesho hapaswi kuchagua wala kukataa. Kila kilichofika huonyeshwa, hakuna ada, hakuna kurudishiwa, na kila aliyetuma hupelekewa orodha ya walioshiriki. Ni sanaa ya kupeana. Je, maonyesho ambayo mwisho wake ni mauzo yana haki ya kuitwa ya sanaa ya posta? Wako watakaosema hayana, nao wana hoja. Kwa maoni yetu mchoraji aliyetoa kazi yake bila malipo hajaivunja maana ya kupeana. Ameongeza mpokeaji wa pili tu. Lakini mwito unaochagua baadhi ya kazi na kuziacha nyingine usitumie jina hilo. Utumie maonyesho ya bahasha za kuchora, ambalo ni jina la kweli na halimdanganyi mtu.

Kuhusu tahajia ya maonyesho, tunajua kwamba wengi siku hizi huandika maonesho. Tumebaki na tahajia aliyoitumia mtafsiri, kwani katika tangazo hili kulikuwa na maneno yaliyohitaji msaada zaidi.

Tangazo tulilolirudisha lilikuwa na kichwa hiki: “Bahasha za Kuchora: Maonyesho na Mauzo ya Hisani kwa Faida ya Hospitali ya Watoto.” Chini yake tuliongeza mstari mmoja: “Kila bahasha imechorwa na mchoraji wa vielelezo, na imefika kwa posta.” Kichwa kimekuwa kirefu kuliko cha kwanza, na mtafsiri alinung'unika kwamba hakitaenea katika nafasi iliyopo. Tulimshauri apunguze ukubwa wa herufi, asipunguze maneno. Kisha tuliwasomea wale wenzetu watatu. Yule wa kwanza aliuliza tena habari za fedha, lakini mara hii alitaka kujua bahasha moja itauzwa shilingi ngapi.